Sahani Iliyorudi Tupu

Makorora nzima inajua kwamba Bi Zuleha hali chakula. Inajua kupita kiasi, na shida ilianzia hapo.

Mwaka juzi utumbo wake ulijisokota. Madaktari wakaukata karibu wote, wakamwachia kipande kisichoweza kumlisha mtu. Tangu siku hizo chakula chake ni maji meupe kama tui, yaliyomo kwenye mfuko, yanayopita katika mpira mwembamba uliopandikizwa kifuani na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Mwanawe aliyeko Maskati ndiye anayeiagiza mifuko hiyo. Huletwa kwenye barafu, ikawekwa katika friji pale palipokuwa pakikaa samaki. Kinywani ameruhusiwa mafunda machache ya maji, basi.

Chakula hicho kina saa zake. Muuguzi Brightness, binti wa Kishambaa kutoka Mlalo, hupitia kwake saa tatu usiku akitoka zamu hospitalini. Huunganisha mfuko, na pampu ndogo husukuma chakula mpaka asubuhi. Huanza polepole, kikashika kasi, kisha kikapunguzwa kabla ya kukatwa, maana kikikatwa ghafla sukari hushuka na mtu akaanguka. Usiku ulichaguliwa ili mchana mama awe huru. Huru wa kufanya nini, hakuna aliyeuliza. Mumewe amezikwa Mwera, mwana yuko ng'ambo, na mchana wake ni kufagia uwanja aliokwisha kuufagia.

Na huyu ndiye mwanamke ambaye Ramadhani ya mtaa ule ilikuwa ikinukia jikoni kwake! Mkate wake wa kumimina ulikuwa ukigombewa. Kila magharibi ikikaribia, sahani zilitoka kwake na sahani ziliingia. Alipougua, majirani wakaamua, kwa huruma zao, wasimtie hamu. Wakaacha kumpelekea. Wakaacha hata kupita mlangoni kwake na sahani, wakawa wanazungukia uchochoroni kama wezi wa kuku. Huruma ya namna hiyo inauma kuliko tusi, nami nasema hivyo nikiwajua wote kwa majina.

Ramadhani hii alichoka kungoja. Siku ya kwanza akakanda unga, akachoma kaimati bila kuonja hata moja, akazijaza kwenye sahani yake ya maua na kuifunika kawa. Akampelekea Mboni, jirani wa ukuta kwa ukuta, waliyelea naye watoto. Kisha akarudi kwake, akafuta meza, akasogeza dawa pembeni ili sahani ikirudi ipate mahali pa kukaa.

Mboni aliirudisha mwenyewe baada ya futari, ikiwa chini ya kawa yake.

"Ahsante, da Zuleha. Tumekula tukajilamba vidole," akasema mlangoni, akaenda zake.

Bi Zuleha akafunua kawa. Sahani ilikuwa imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Makorora sahani ya futari hairudishwi hivyo. Hata nyumba isiyo na kitu hutia tende mbili. Mboni analijua hilo vizuri. Ila alijiuliza, nimtilie nini mtu asiyekula? Bi Zuleha akakaa na ile sahani mapajani, akalia. Hakulilia chakula. Alijiona ameshazikwa, watu wanamwonea haya tu kumwambia.

Brightness alipofika alimkuta macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huu mfuko hauwezi kuanza magharibi?"

Brightness akashtuka. "Mama, unataka kufunga? Daktari amekataza, utaishiwa maji."

"Nani kasema kufunga? Mie nina udhuru, Shekhe keshaniambia. Tena mwaka wa pili huu sijatia tonge kinywani, nifunge nini zaidi? Nataka chakula changu kije saa ya chakula."

Brightness akapiga hesabu ya saa. Kikianza mapema, kitaisha mapema, watu wakila daku; na kufungua mpira mama alishafundishwa, anaweza mwenyewe. Tatizo lilikuwa kuziruka saa zote hizo kwa siku moja.

"Mwili umeshazoea saa yake," akasema. "Tutausogeza kidogo kidogo. Na mimi nitaongea na daktari, kisha nibadilishane zamu na mwenzangu."

Daktari akakubali. Basi kila siku Brightness akawa anatangulia kidogo kuliko jana, hata kumi la kwanza la mwezi lilipokaribia kwisha wakaifikia magharibi. Jioni hiyo mfuko ulitolewa kwenye friji mapema ili ubaridi utoke. Brightness akanawa, akaunganisha, akatia pampu kwenye mkoba. Adhana ilipoanza, Bi Zuleha alijitanda kanga, akamshika mkono.

"Chukua mfuko. Twende kwa Mboni."

Uwanjani kwa Mboni watu walikuwa wamezunguka jamvi, katikati sinia la mihogo ya nazi na samaki. Brightness akatundika mfuko kwenye msumari wa kamba ya nguo.

"Nimekuja kufuturu," Bi Zuleha akasema, akaketi.

Mume wa Mboni aliacha kutafuna tende. Mboni akavuta kawa haraka, akafunika sinia.

"Da Zuleha, tutakulaje mbele yako?"

"Mie nimeshaanza, Mboni." Akaonyesha mpira, maji meupe yanapita. "Mkiacha kula nyie, nitakuwa nakula peke yangu tena."

Mboni alifunua kawa. Akachukua sahani, akapakua muhogo na kipande kinono cha samaki, akaiweka mbele ya Bi Zuleha. Bi Zuleha akaipokea kwa mikono miwili.