Mama Meno, fundi anayefufua magari ya rimoti

Ni Jumamosi asubuhi, na Mama Meno amepiga magoti kwenye sakafu ya zege ya uwanja wa mpira wa kikapu. Mbele yake kuna gari jekundu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Analizungusha gurudumu la nyuma taratibu, sikio ameliinamisha kama daktari anayesikiliza kifua.

“Linaongea vizuri,” anasema bila kuinua kichwa. “Lakini hata mara ile liliongea vizuri, halafu likaniaibisha.”

Wenzake wa uwanjani, wapenzi wa magari ya zamani ya rimoti, wamesimama nyuma yake na magari yao kwapani. Hakuna anayetania leo. Wote wanajua gari hili limekwisha kukatika gia mara mbili, hapahapa, mbele ya macho yao.

Jina la Mama Meno alipewa na hao hao, wala hawakwenda mbali kulitafuta. Siku za kazi yeye ni fundi wa meno bandia, katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye dirisha moja na meza iliyojaa vumbi jeupe la plasta. Wagonjwa hawamwoni. Daktari huchukua kipimo cha kinywa, yeye hutengeneza meno, na meno huenda zake.

“Nimewachekesha watu wengi ambao sijawahi kukutana nao,” anasema.

Aliingia kwenye chumba hicho akiwa mfanya usafi. Fundi wa wakati huo alipomwona anafagia huku macho yake yakiwa mezani, alimpa kisu kidogo na kipande cha nta, akamwambia achonge gego.

“Nilichonga kitu kama kiazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa nta nyingine.”

Mapenzi ya magari yalianza mapema zaidi. Utotoni, mjomba wao alimletea kaka yake gari la rimoti, na rimoti ikawa mali ya kaka peke yake.

“Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia kulirudisha likikwama,” anakumbuka. “Nilikimbia sana kwa ajili ya gari ambalo sikuwahi kuliendesha.”

Akiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, aliliona gari la aina ileile kwenye lundo la muuza vyuma chakavu. Halikuwa na magurudumu, na buibui walikuwa wamehamia ndani. Akalinunua papo hapo. Bei yake hajamtajia mumewe hadi leo, naye mume ana busara ya kutouliza.

Mume huyo ni dereva wa lori. Tunamkuta sebuleni, ambako kabati la vyombo limegeuka gereji.

“Mimi naendesha gari lenye matairi kumi na nane,” anasema. “Nikifika nyumbani naambiwa niangalie nisikanyage gari. Niseme nini? Mama watoto akinuna, nyumba nzima inanuna. Gari likiwaka, hata chai inakuwa tamu.”

Taabu ya magari haya ni vipuri. Mengi viwanda vyake viliacha kuyatengeneza, na gia ikikatika jino moja, gari zima linabaki pambo. Hapo ndipo kazi ya kliniki ilipoibeba ile ya nyumbani. Plasta inayochukua umbo la ufizi huchukua pia umbo la bampa. Ile resini ya rangi ya waridi, plastiki ya ufizi wa meno bandia, ikikauka, inakuwa bampa lenyewe.

“Watu wananiuliza kwa nini silipaki rangi,” anasema. “Nawajibu, acheni, gari linaota meno.”

Gari jekundu la leo si lake. Ni la fundi umeme mstaafu, mzee aliyekwenda kliniki kulalamika kwamba meno yake mapya yanapiga mluzi. Daktari alimpeleka chumba cha nyuma. Alipoona magurudumu madogo mezani, mzee akasahau meno. Kesho yake alirudi na boksi lililokaa darini tangu watoto wake wakiwa wadogo.

Mzee huyo macho yanamwishia. La kushoto limekwisha, la kulia linafifia.

“Nilimwambia, mwanangu, sitaki gari hili liuzwe wala liwekwe kwenye kabati la kioo,” anaeleza. “Nataka nilione likikimbia. Ukichelewa, nitalisikia tu.”

Gia ya kwanza Mama Meno aliitengeneza kwa resini ngumu. Ilikatika kabla gari halijafika katikati ya uwanja. Ya pili akaifanya nene zaidi, nayo ikasagika kama biskuti. Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hiyo hata magari ya wengine aliyaona kama vivuli.

“Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Maji yalikuwa yamezidi unga,” anasema Mama Meno.

Kisha kliniki ikapata mgonjwa aliyehitaji meno laini, yale yanayopinda bila kuvunjika. Hayo hutengenezwa kwa nailoni inayoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya plasta. Alikuwa ameyashika, akiyakunja huku na huku, mara akajikuta amesimama wima.

“Gia zile za kiwandani zilikuwa za nailoni. Na mimi nailoni ninayo mkononi kila siku. Nikajicheka. Kweli mganga hajigangi.”

Akaomba mabaki kwa daktari, akayeyusha, akasukuma, akapiga tupa jino moja baada ya jingine.

Sasa mzee anafika uwanjani, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Limepona?”

“Tulisikilize lenyewe.”

Mama Meno anasukuma kijiti cha rimoti. Gari linatoka kama lililochomwa sindano. Linapita katikati ya uwanja, pale lilipokufa mara ya kwanza, na halisimami. Linakata kona chini ya goli, linarudi likivuma, watu wanaruka pembeni. Mama Meno anacheka peke yake, mabega yanamtikisika.

Kichwa cha mzee kinalifuata gari, kulia, kushoto, kulia.

“Naliona,” anasema. “Lile pale, jekundu. Naliona.”

Kisha ananyoosha mkono. “Nipe.”

“Baba, lina kasi.”

“Na mimi nina haraka.”

Anapewa rimoti. Gari linazunguka mara mbili, kisha linakwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Bampa la waridi linaruka juu. Halafu mzee anaangua kicheko mpaka meno yanamponyoka, anayarudisha kwa kidole gumba na kuendelea kucheka. Mama Meno analipindua gari na kuichungulia gia. Meno yote yapo.

Kabla ya saa sita, wenzake watatu wamemkabidhi magari yao mabovu. Atayatengeneza, anasema, ila moyo wake uko kwingine.

“Nimefufua vya watu vya kutosha. Sasa nataka gari langu, kuanzia ekseli mpaka bodi, ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulitoa. Na rimoti nitashika mimi.”

Mkono wa mbele wa kulia wa gari hilo, ule unaoshika gurudumu, ameshauchonga kwa nta. Uko kwenye friji usipinde kwa joto, kando ya maziwa, na familia nzima imekwisha kuonywa.