Sevisi ya Mwanza

Baba yangu alifanya kazi ya ufundi magari Chemchem, hapa Tabora, kwa zaidi ya miaka arobaini, lakini gari la kwanza jipya nililonunua maishani mwangu hakuruhusiwa kuligusa.

Nililinunua kwa ajili ya biashara ya asali. Nilikuwa nimechoka kukodi magari ya watu kwenda Sikonge, dereva anapandisha bei tukiwa tayari porini, madumu yanarudi yamevuja. Benki ikanikopesha, na kampuni moja yenye ofisi Mwanza ikaniuzia pikapu nyeupe ya dizeli. Kijana wa mauzo alinisomea masharti taratibu, kidole chake kikifuata mistari. Dhamana ni ya miaka mitatu, injini ikiharibika wanatengeneza bure. Ila kila kilomita elfu tano gari lirudi kwao kwa sevisi, na kitabu kigongwe muhuri. Fundi wa nje akiifungua injini, dhamana imekufa.

Niliweka sahihi kwa furaha. Sikufikiria kwamba huyo fundi wa nje ni baba.

Nilipolifikisha nyumbani alitoka na kanzu yake ya Ijumaa, akalizunguka mara mbili. Alifungua boneti, akainama, akanyoosha mkono kisha akaurudisha mwenyewe kabla haujafika popote.

"Sevisi utafanyia wapi?" aliniuliza.

"Mwanza, baba. Ndiyo masharti yao. Nikifanyia hapa wananinyima dhamana."

"Kwa hiyo mimi nisiiguse."

"Siyo wewe. Ni fundi yeyote wa nje."

"Mimi ni wa nje," alisema, akafunga boneti polepole kwa viganja viwili, bila kuibamiza. Kisha akaniombea dua ya safari njema, akaingia ndani.

Mimi nilikulia kwenye gereji ya baba. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na nikitoka shule sikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa baba. Kazi yangu ilikuwa kumimina oili chafu kwenye makopo, kwa sababu watu walikuja kuinunua wapake mbao za nyumba zao dhidi ya mchwa. Nilijua harufu ya oili iliyoungua kabla sijajua kupika wali. Nadhani ndiyo maana nilitaka gari la dhamana. Nilikuwa nimeona magari mengi mno yakiwa yamefunguliwa, matumbo nje, na wenyewe wameketi pembeni wakiwa hawana la kufanya.

Sevisi ya kwanza haikuniuma sana, kwa kuwa ufundi ulikuwa bure na nililipia oili na filta tu. Nilikaa kwenye chumba chenye viti laini na televisheni, nikaletewa kahawa. Ukuta wa upande wa gereji ulikuwa wa kioo, lakini kioo chenyewe cha ukungu. Unaona vivuli vya watu vikipita, huoni wanachofanya. Baada ya saa mbili nikaitwa, funguo zikawekwa mezani pamoja na kitabu chenye muhuri.

Ya pili ilikuwa laki nne na zaidi. Kwenye karatasi walikuwa wameandika oili, filta ya oili, filta ya hewa, dawa ya kusafishia injini, ufundi, na kitu walichokiita ada ya mazingira. Nikamuuliza dada wa mapokezi ada ya mazingira ni nini.

"Ni ya kutupa oili chafu, mama."

Nikakumbuka makopo ya baba na watu waliokuwa wakiyalipia. Ukijumlisha dizeli ya kwenda na kurudi, chumba cha kulala, na siku mbili ambazo wateja wangu sokoni walinunua asali kwa mwingine, sevisi moja ilikuwa inakula faida ya safari nzima ya Sikonge. Na kwa jinsi nilivyokuwa nazunguka kwa wafugaji nyuki, kilomita elfu tano zilikuwa zinaisha haraka sana.

Ya tatu ilikuwa ghali kuliko zote. Walisema wamebadilisha na oili ya breki. Nililipa, nikarudi Tabora siku hiyo hiyo nikiwa nimekasirika, nikijiambia kwamba hasira hiyo ni bei ya usalama.

Asubuhi yake baba alinikuta nafagia sehemu ya mizigo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Safari ilikuwaje?"

Nikamwambia bei. Nilikuwa nataka kulalamika kwa mtu anayejua, bila kufikiria kwamba kwake malalamiko yale yalikuwa na maana nyingine. Akaniomba nifungue boneti, aangalie tu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa vidole viwili, akavisugua, akanusa. Halafu akalala chini kwenye udongo, mzee wa miaka sabini na zaidi, akachungulia kwa chini kwa muda mrefu.

"Oili hii haijabadilishwa," alisema alipoinuka.

"Baba, gari la dizeli. Oili inakuwa nyeusi siku hiyo hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sisemi weusi. Nasema uzito. Na filta ina vumbi jekundu lililogandamana. Filta iliyofungwa jana ina vumbi la Sikonge?"

Nilijua kwamba swali lake lilikuwa la kweli. Lakini nilikuwa nimelipa zaidi ya laki tano, na kumsadiki baba kulikuwa na maana kwamba nimeibiwa nikiwa nimeketi kwenye kiti laini nakunywa kahawa. Nikasema neno ambalo mpaka leo ningependa nisingelisema.

"Muhuri upo kwenye kitabu, baba. Wale wamesomea."

Aliniangalia. Akajipangusa vumbi magotini, akasema, "Haya mama," akaondoka kwenda gerejini kwake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kigwa kwenye msiba wa shangazi, kwa treni, nikakaa siku nne. Gari niliacha nyumbani na funguo juu ya kabati. Niliporudi lilikuwa pale pale, limeoshwa. Nilimshukuru baba kwa kuliosha.

Lilikufa barabara ya vumbi, ndani ya msitu, mbele ya Sikonge, likiwa na madumu ishirini. Kwanza taa nyekundu ya oili iliwaka. Nilizima haraka, lakini nilikuwa nimeshasikia injini ikigonga, mlio mkavu kama mtu anapiga nyundo kwenye chuma kitupu. Nilishuka, nikasimama kando ya barabara nikiwa na mikono kichwani. Mfugaji nyuki aliyeniuzia asali ile asubuhi alinikuta na baiskeli yake, akakaa nami mpaka lori la tumbaku likapita na kunivuta. Hakuuliza chochote kuhusu gari. Aliniambia tu habari za mizinga yake, kwa sauti ya chini, na nilimshukuru kwa hilo.

Sikuwa na hofu kubwa kama ambavyo ningekuwa nayo. Nilikuwa na dhamana. Nikalipia lori lililobeba gari mpaka Mwanza, nikapanda nalo.

Siku ya tatu meneja wa gereji aliniita ofisini. Mezani, juu ya gazeti, palikuwa na filta ya oili iliyokatwa katikati. Karatasi ya ndani ilikuwa imechanika vipande vipande, imelowa kama ugali uliolala kwenye maji.

"Vipande hivi vimeziba njia za oili," alisema. "Filta hii siyo yetu. Ni feki. Nani aliifunga?"

"Nyinyi."

"Mama, zetu tunaandika kilomita kwa kalamu nyeupe. Hii haina."

Nilitoka nje kwenye jua, nikampigia baba simu. Nilimwambia walichokikuta. Nilikuwa nangoja akane, na nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyorudi ndani kupigana nao.

"Ni mimi," alisema. "Ulipokuwa Kigwa. Nilimwaga ile oili, nikafunga filta mpya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Gari ni langu, baba. Mkopo ni wangu."

Nilimsikia akipumua. Kisha akauliza, "Imechanika ndani?"

"Vipande vipande."

"Niliinunua kama orijino," alisema. "Boksi lilikuwa sawasawa." Halafu simu ikakatika, au aliikata, sijui.

Nilirudi Tabora kwa basi nikiwa na filta ile kwenye mfuko wa plastiki. Nilitaka aione. Najua haukuwa wema. Nilimkuta ameketi mlangoni pa gereji, na kabla sijafungua mfuko wangu alinipa wake. Ndani palikuwa na filta aliyoitoa, ile ya Mwanza, bado ina vumbi jekundu. Ubavuni, kwa kalamu nyeupe, fundi wao alikuwa ameandika kilomita. Zilikuwa kilomita za sevisi ya pili. Ile ya tatu, ya zaidi ya laki tano, hawakuwa wamegusa filta kabisa, na kama hawakugusa filta sikuwa na sababu ya kuamini kwamba waligusa oili.

Kwa hiyo baba alikuwa sahihi. Na filta yake ndiyo iliyoiua injini. Mambo yote mawili yalikuwa pale kwenye benchi, kila moja kwenye mfuko wake.

Baba aliichukua ile iliyokatwa, akaisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa bati. "Zamani ningeiona," alisema. "Ukingo huu ni mwembamba. Zamani ningeiona nikiwa dukani." Ndipo nikaelewa kwamba macho yake yalikuwa yamepungua kuliko alivyowahi kuniambia, na kwamba kwa muda fulani alikuwa akifanya kazi kwa vidole na mazoea.

Nilikwenda Mwanza tena na filta ya kalamu nyeupe. Meneja aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Alimwita mtu, wakanong'ona nyuma ya kioo. Aliporudi alisema filta ile ingeweza kutoka popote, na hata kama ilitoka kwao, iliyoharibu injini ni nyingine. Lakini kwa nia njema hawatanitoza gharama ya kuifungua injini. Kuitengeneza ni juu yangu, na akataja bei ambayo ningeweza kuongezea kidogo nikapata gari la mtumba.

"Na pesa ya sevisi ambayo hamkufanya?" nilimuuliza.

"Muhuri upo, mama," alisema.

Sikuwa na nguvu ya kugombana naye. Alinirudishia neno langu mwenyewe, bila kujua. Nikakodi lori, nikairudisha pikapu Tabora na injini yake kwenye boksi.

Nilimwambia baba aifunge yeye. Nilikuwa nimelifikiria njia nzima, nikaona ndiyo namna ya kumwomba radhi bila kutamka. Alikataa. "Nikikosea safari hii hutaniangalia tena usoni," alisema. Nikamwambia siyo kweli. Akasema, "Basi mimi sitajiangalia."

Kazi akapewa fundi mwenye gereji yake karibu na stendi, mtu mzima aliyejifunza kwa baba tangu enzi zile za makopo yangu. Tulipata injini iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Ili niilipie niliuza kiwanja nilichokuwa nacho Kigwa, na deni la benki likanyooshwa mbele kwa mwaka mwingine. Siku zote za kazi ile baba alikuja asubuhi, akaketi kwenye kigoda, akatazama. Fundi alimwuliza mambo kwa heshima, mengine nadhani aliyajua. Baba alijibu kwa mkato. Kifaa hakushika.

Mwezi uliofuata aliwagawia mafundi wenzake spana zake, akasema macho yamechoka. Wateja wake wa zamani bado wanamfuata nyumbani, hasa wenye magari makuukuu. Anawasikiliza mpaka mwisho, kisha anawaelekeza kwa yule fundi wa stendi.

Jioni moja, baada ya swala, nilimwambia waziwazi. "Baba, Mwanza hawakuibadilisha ile oili. Uliona sawa, na mimi nilikudharau."

"Najua," alisema. "Lakini injini niliiua mimi."

Yote ni kweli, na yeye anachagua kubeba moja tu.

Pikapu inatembea. Inakula oili kidogo, na kwenye milima ya kwenda porini haina nguvu iliyokuwa nayo. Sevisi nafanyia stendi, naona kila kitu kinachotoka na kila kitu kinachoingia, na bei yake haifiki hata robo ya ile ya Mwanza. Mara ya mwisho nilimwomba baba anisindikize. Alikaa ndani ya gari, kiti cha abiria, mlango wazi, akisikiliza redio. Nilipomaliza aliniuliza nimelipa kiasi gani. Nikamtajia.

"Siyo mbaya," alisema, akafunga mkanda, nikawasha gari tukaenda kununua nyama.