Siku Niliyopewa Kete Nyeusi

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa pale Lurambi, nilipokataa kuketi mbele ya ubao wa chesi. Timu ya wilaya ilikuwa imebakiza nafasi moja tu, na tuliokuwa tunaigombania ni mimi na pacha wangu, Mukhwana.

Yeye alizaliwa kwanza, mimi Mulongo nikamfuata. Tangu utotoni ndiye aliyepakuliwa obusuma, ugali wetu, kwanza, ndiye aliyepimwa viatu kwanza. Siku hiyo tulipopiga kura ya rangi, akapata nyeupe. Na mwenye nyeupe, kama ujuavyo, ndiye huanza. Machozi yakanilenga.

“Senge, nimeshashindwa,” nilimwambia shangazi yetu, mwalimu aliyetufundisha mchezo huo nyumbani kwake Shieywe. “Anayeanza ndiye hushinda.”

Alinikazia macho. “Anayeanza anapata nafuu, sikatai. Lakini ni nafuu ndogo, ya kuwafaa wasiokosea. Nyinyi wawili mnakoseanga kila mara! Nenda ukae. Angalia ubao, usiangalie nani ameanza.”

Nikakaa. Mukhwana alishambulia kwa pupa. Malkia wake alivuka upande wangu kabla farasi wake hawajatoka. Nilijikinga. Halafu nikaona malkia huyo ameingia mahali pasipo na njia ya kutokea. Nikamla.

Mukhwana alipokubali kushindwa, sikuthubutu kumtazama. Nilidhani nimepata nafasi na kumpoteza ndugu. Kumbe yeye alikuwa anashusha pumzi, kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

“Afadhali imeisha,” akasema. “Kila mtu aliniambia mwenye nyeupe hashindwi. Niliogopa sana, Mulongo, ndiyo maana nikakimbilia kumaliza.”

Na mimi nikapumua. Tulicheka mpaka Senge akatufukuza nje.

Basi, mwanangu, ukiona mwenzako ametangulia, masomoni au kazini, usijidanganye kwamba kutangulia hakuna faida. Ipo. Ila usiikuze kuliko ilivyo, wala usidhani aliye mbele yako hana hofu. Zamu yako ikifika, icheze kwa makini, na mwenzako umhurumie hata ukimshinda.

Mungu akupe utulivu mbele ya kila ubao, na akujalie ndugu wa kucheka naye mchezo ukiisha.