Wewe Mbele, Mimi Nyuma

Pale kwenye ghala la vigae wenzake walimbandika jina la Mhasibu Mtarajiwa, na jina likamganda. Alikuwa karani wa malipo, mjane, mwepesi wa kucheka. Ulimbakia mtihani mmoja tu apate cheti cha uhasibu, na huo mmoja ulishamwangusha mara mbili. Safari hii hakukuwa na mzaha: bodi ilishasema asipofaulu sasa, hata ile mitihani aliyofaulu inafutwa. Aanze upya, jamani, na mvi zile!

Basi akapanga. Kwa kupanga, usimchezee. Jumamosi asubuhi alikaa mezani na rula na kalamu za rangi, akaigawa miezi iliyobaki wiki kwa wiki, kisha akaibandika ratiba kwenye mlango wa friji. Ilipendeza mpaka ukatamani mtihani uwe wako.

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi naye tangu msiba, alifuata maziwa akasimama palepale anasoma. Bibi huyu macho yake mazima, na mdomo wake mzima zaidi.

"Mwanangu, mbona wiki zote hizi ni sura za mwanzo?"

"Nataka msingi ushike, Mama."

"Msingi! Miaka yote hii unachimba msingi, ukuta lini?"

Akakichukua kitabu mezani, akakitazama ubavuni. Nusu ya mbele kurasa zilikuwa zimechafuka kwa vidole. Nusu ya nyuma nyeupe pe, kama kimetoka dukani jana. Akakirudisha polepole, maana naye alikumbuka.

Mwanawe na mkwewe walikutana darasa la jioni, wakaoana, wakaendelea kusoma kwenye meza hiyohiyo, kila mtu na kitabu chake. "Wewe mbele, mimi nyuma," mume alikuwa akisema, "halafu tufundishane." Ndivyo walivyoivuka mitihani yote. Kwenye huu wa mwisho, mke alimfundisha mumewe sura za mbele mpaka zikaisha. Zamu ya mume haikufika. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, mchana kweupe.

"Nikizifungua zile za nyuma nashindwa, Mama. Namsubiri." Machozi yakamtoka bila hodi. "Nikizisoma mwenyewe, ndiyo basi tena. Hatanifundisha."

Mama mkwe akavuta kiti. Naye alikuwa na chozi lake, akalifuta kwa kiganja kama anayefukuza nzi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungeniambia mapema. Sasa nifundishe mimi. Nataka nijue mtoto wangu alikuwa anasoma nini."

Ratiba ikabanduliwa, ikapangwa upya, ikaanzia nyuma. Tangu hapo kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mkwe anafundisha na bibi anamkalia kooni kwa maswali. Asipoeleweka anarudishwa. Akibabaisha anaambiwa waziwazi, "Hapo hata wewe hujaelewa." Na kweli, hajaelewa! Anarudi kitabuni, kesho yake anakuja amejipanga.

Jioni moja walifika kwenye sura ya kujikinga na kupanda kwa dola.

"Chukulia ghala letu, Mama. Tumeagiza vigae leo, tutalipa kwa dola vikishafika. Dola ikipanda hapo katikati, tumekwisha. Kwa hiyo leo hii tunakubaliana na benki: siku ya kulipa itatuuzia dola kwa bei hii, ipande isipande."

Bibi akashika kidevu. "Kumbe mtu anaweza kukubaliana na kesho?"

"Bei tu, Mama. Mengine hapana."

Mkwe alimkumbuka mumewe jioni ile kuliko siku ya mazishi, na bibi aliliona hilo, akamsogezea chai.

"Haya, endelea," akasema. "Ikishuka je?"

Mtihani ukafika, akaufanya. Maswali ya nyuma yalitoka, na aliyajibu kama anayemweleza mama mkwe, pamoja na kurudia pale ambapo bibi angemrudisha.

Matokeo yalimkuta ghalani, kwenye simu. Aliyasoma mara mbili. Hakumwambia mtu, wale wa Mhasibu Mtarajiwa wangesubiri. Alitoka nje, akapiga nyumbani.

"Mama, tumefaulu."

"Tumefaulu wangapi?"

"Watatu, Mama."