Wewe Mtoto wa Nani?

Hapa mjini Ibra, Oman, watu wanasema Bibi Mabruka ndiye aliyemponza mjukuu wake. Wanasema kwenye soko la wanawake Jumatano, wanasema msibani, na wengi wao hawajagusa kompyuta maisha yao. Basi wasikilize kwanza ilivyokuwa.

Bibi Mabruka kazaliwa Unguja mjini, mtaa wa Malindi. Kaja Oman miaka ya sabini na watoto watatu na cherehani moja. Mume kafa mapema. Wanawe kawalea kwa kushona kofia, zile za mkono, kitundu kimoja kimoja mpaka macho yanawasha. Wote kawasomesha. Wajukuu anao kumi na mmoja, na kumi katika hao ukiwasemesha Kiswahili wanakutizama kama unawachekesha. Mmoja tu ndiye aliyeshika: Rawya, mtoto wa mwanawe Hisham.

Rawya alikuwa na miaka minane na anasema Kiswahili cha vibibi. Mgeni akiingia anamwamkia, "Shikamoo, za tangu jana? Mguu haujambo?" Watu wakicheka mpaka wanatoka machozi. Bibi hacheki. Huyu ndiye atakayebaki kusema nae uzeeni, na alilijua hilo vizuri.

Hisham kazi yake Maskati, nyumbani anarudi mwisho wa wiki. Mwaka 2007 akaleta kompyuta, na kamera ndogo ya kubandika juu ya kioo, ili mama yake amwone dada yake, Bi Khole, aliyebaki Unguja. Kila Alhamisi Bi Khole akipelekwa duka la intaneti Darajani. Picha inakatika, sauti inafika mdomo ushafungwa, na wote wawili wanapiga kelele utadhani wako ng'ambo mbili za wadi, ule mto mkavu.

"Khole, umekonda."

"Kamera yako hiyo. Mie nimenenepa."

"Na meno yako wapi?"

"Nimeyaacha nyumbani. Unataka kuyaona hayo au mie?"

Kisha Bi Khole lazima amwite mtoto. "Na wewe mwanamke, wewe mtoto wa nani?"

Rawya anabandika uso kwenye kamera. "Wa Bibi!"

Kila Alhamisi swali ni hilo na jawabu ni hilo, na kila Alhamisi wanacheka upya.

Siku nyingine zote kompyuta ilikuwa ya Rawya. Kulikuwa na mchezo wa kupamba nyumba, watoto wa dunia nzima wanaingia, wanatembeleana, wanaandikiana. Ukitaka unawasha kamera mnaonana. Jina lake humo kaandika Rawya wa Bibi. Alasiri moja mtu akamwandikia kwa Kiswahili.

"Bibi, kuna mtu ananiuliza mie mtoto wa nani."

Bibi sindano iko mkononi. Hakuinua macho. "Mwamkie kwanza. Kisha mjibu."

Hapa ndipo wanapomshika. Hebu mmoja wao aniambie yeye kalelewa vipi. Mkubwa akikuuliza mtoto wa nani, unataja baba, unataja babu, unataja kabila na nyumba yenu ilipo. Ukinyamaza, unaambiwa huna adabu, na ukifika nyumbani unalia. Rawya akataja vyote. Akataja mpaka geti la kijani.

"Anaitwa Ami Badar. Anasema na yeye mtu wa Malindi."

"Malindi wapi?"

"Karibu na msikiti."

Na Malindi wapi hapako karibu na msikiti? Lakini Bibi kashaweka kofia chini. Hajapata kusikia mtu mgeni akiutaja mtaa wake miaka mingapi sijui. Akasogea mpaka kwenye kioo, akakaa kwenye kiti pamoja na mtoto. Ami Badar akaandika kuwa kamera yake mbovu, lakini washeni yenu, nione mtoto kafanana na nani.

Kafanana na nani. Hayo ni maneno ya kila shangazi, kila arusi. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema, "Iwashe."

Baada ya siku ile Ami Badar akawa anaingia kila alasiri. Aliuliza Bibi husali saa ngapi, akajibiwa. Siku moja, Bibi yuko kwenye msala nyuma ya kiti, akamwandikia Rawya avue mtandio aone nywele. Akavua, huku anacheka. Akamwambia avue na nguo. Rawya akakataa, akazima kila kitu.

Kesho yake Rawya akafungua, akakuta katumiwa picha. Yeye kichwa wazi, na nyuma yake Bibi kasujudu. Chini yake jina la baba na la babu, kamili, kama alivyolitaja mwenyewe, na maneno haya: ukisema, namwambia baba yako Bibi ndiye aliyekuamrisha.

Mtoto wa miaka minane akanyamaza wiki tatu ili bibi yake asigombwe.

Akaacha kula. Akarudi kukojoa kitandani. Bibi akamsomea, akampaka mafuta, akasema ni jicho la watu. Mama yake, Buthaina, ndiye aliyefungua kompyuta kutafuta karatasi za skuli anayosomesha, akaikuta ile picha. Hisham akaja siku ile ile.

"Nani kamruhusu kusema na mtu asiyemjua?"

"Mie," Rawya akasema haraka. "Mie peke yangu."

"Muongo," Bibi akasema. "Mie ndiye niliyemwambia. Ananificha huyo."

Hisham akatoka uani, asije akamjibu mama yake vibaya.

Polisi waliandika. Bi Khole kauliza Malindi nyumba kwa nyumba, na Badar huyo hakuna anayemjua. Picha iko kwa nani, mpaka leo haijulikani.

Hisham akataka kompyuta ikae ukumbini, kamera iwashwe Alhamisi tu na yeye yupo. Ndivyo ilivyotakiwa tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye aliyeileta akaondoka zake. Bibi akakataa.

"Iondoe. Mtoto anaiogopa."

"Na Mama Khole?"

"Khole nishamwona. Mpigie simu asiende tena Darajani."

Alidhani kamera ikitoka mtoto atarudi. Hakurudi. Akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiarabu, neno moja, mawili. Mgeni akigonga, anaingia chumbani. Bibi akawa anashona kimya, na yeye kimya kashakizoea toka zamani, lakini si cha huyu.

Miaka miwili baadae Bi Khole akaja mwenyewe, kwa ndege. Walishikana getini mpaka Hisham akawaambia jua kali, ingieni ndani. Rawya ana miaka kumi sasa, kaambiwa alete kahawa, kaleta. Bi Khole akamshika mkono, uso wote umefunguka.

"Na wewe mwanamke, wewe mtoto wa nani?"

Rawya akauvuta mkono wake. Akaliweka dele la kahawa chini taratibu, akatoka.

Bi Khole akajiziba mdomo. "Mabruka. Limenitoka tu. Najua yote na bado limenitoka."

"Najua," Bibi akasema. Akaliinua dele, akammiminia mwenyewe.