Koti Lililopachikwa Lebo

Adhis alikulia chini ya meza ya makoti. Mama yake, Aoko, aliuza mitumba Soko la Toi, na mtoto alilazwa pale juu ya gunia, akitazama mikono ya makoti ikining'inia. Kila koti alilitafutia mwenyewe, mtu wa kubuni. La kijivu lilikuwa la mzee wa nchi ya baridi ambaye bado anapekua kabati akilitafuta. Jekundu, la msichana aliyelisahau kwenye stesheni. Mama alikuwa akiita weee, mtoto kimya, hadi wateja wakadhani hasikii.

Alipokua akawa fundi wa kupunguza makoti hayo. Fundi wa Toi akishalifumua koti na kulishona upya, kazi yake ya mwisho ni kurudisha lebo shingoni, kwa sababu koti lisilo na lebo ya ng'ambo litaning'inia hapo hadi lichujuke rangi. Adhis alizipachika lebo hizo akili ikiwa mbali, mikono ikijiendea yenyewe.

Mikono hiyo ndiyo iliyomponza. Alijiunga na chuo cha ushonaji kule Kawangware, akawa anatoka Soweto East, alikoishi, asubuhi na mapema, na kwa mtihani wa mwisho kila mmoja akatakiwa kushona koti kuanzia kitambaa. La Adhis lilikuwa na rangi ya wingu la mvua. Alilishonea Riruta Satellite, kwenye veranda ya kina Valerie, mwanafunzi mwenzake, ambako stima ya cherehani haipotei ovyo. Alishona huku akiliona koti likitembea peke yake Ngong Road, watu wakilipisha njia. Alipomaliza, akatoa lebo ya Kiitaliano kwenye kopo lake la vifungo, akaipachika shingoni. Wala hakujua amefanya hivyo.

Mwalimu Muthoni alilifungua koti mbele ya darasa, akaisoma lebo kwa sauti, akamwambia Adhis aende nyumbani na asirudi, kwani chuo hakihitimishi watu wa kununua kazi. Hakumuuliza hata swali moja. Inauma, jamani, kufukuzwa na mtu ambaye hajasikia sauti yako. Adhis alirudi Toi, akaketi chini ya meza ileile, magoti yakiwa kidevuni kwa sababu hapakumtosha tena.

Gerishon, msimamizi wa wanafunzi, ndiye aliyempigia simu. Alimweleza kosa analodaiwa, akamwambia kamati ya nidhamu itamsikiliza, aje na shahidi akitaka, na kwamba kabla ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kumfukuza. Adhis alidhani anaota, na kwa kuwa huota sana, alimwomba arudie.

Siku ya kikao Muthoni alikalia kiti cha katikati kama alivyozoea. Gerishon alimgeukia kwa upole.

"Madam, wewe ndiye umemshtaki. Huwezi pia kuamua."

Muthoni alihamia ubavuni mwa meza, akaketi kando ya Adhis. Valerie akasimulia jinsi koti lilivyokatwa na kushonwa machoni pake, tangu mkasi wa kwanza. Kisha wanakamati wakauliza kuhusu lebo. Adhis angeweza kusema haijui, na pengine angeaminika.

"Koti ni langu," alisema. "Lebo pia niliweka mimi. Huko kwetu Toi koti bila lebo haiuziki. Mkono ilizoea tu."

Walimtoa nje, wakashauriana. Akasimama kibarazani akiwaza habari za yule mzee wa nchi ya baridi, kama aliwahi kupata koti lingine. Alipoitwa aliambiwa kwamba hakuiba kazi ya mtu, na masomo yake yanaendelea. Ila lebo inadanganya. Aitoe, na koti lisahihishwe na kupewa alama likiwa na jina la aliyelishona.

Muthoni mwenyewe ndiye aliyempa kifumulio.

"Ningekuuliza kwanza," alisema, akitazama meza. "Pole."

Adhis aliifumua lebo taratibu, uzi baada ya uzi, kisha akachukua kipande cheupe cha utepe na sindano. Tangu utotoni alikuwa ameyatafutia wenyewe makoti ya soko zima, lakini hili hakuwahi kujiuliza ni la nani. Akatunga uzi, akaanza na herufi A.