Kiti Chekundu cha Mama

Viti vya plastiki vilipoanza kushushwa Makambako, nilivichukia. Biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya nje vikamiminika, watu wakafurahi, mimi nikanuna. Karakana ya shule yetu pale Njombe iliishi kwa vigoda tulivyotengeneza wanafunzi. Tukiuza ndipo tunapata mbao na misumari. Sasa wanunuzi wote walikimbilia plastiki. Mkuu wa shule akatuambia waziwazi kwamba vigoda visipopata soko hadi mwisho wa muhula, karakana itageuzwa stoo ya mahindi na somo la ufundi litafutwa. Somo hilo nililipenda kuliko kula.

Nikaenda nyumbani Kifanya, nikakuta hata mama kanisaliti: amenunua kiti chekundu. Ilikuwa Juni, na baridi yetu haina utani, kwa hiyo mama akakivuta hadi mafigani kama alivyozoea kufanya na kigoda. Tukiwa tunaongea nikaona anainama upande, polepole, kikombe mkononi. Mguu mmoja ulikuwa umelainika kwa moto. Nilicheka mpaka akaninyima viazi.

"Cheka tu, mwanangu," akasema. "Lakini hiki nakibeba kwa mkono mmoja. Kigoda chenu mpaka niite mtu."

Nilikipeleka kile kilema karakana ili mwalimu wetu wa ufundi acheke nami. Hakucheka. Alikigeuza, akaipapasa miguu.

"Binti, kwa nini hivi hupangwa kimoja juu ya kingine?"

"Miguu imetanuka kwa chini, Mwalimu."

"Na yenu?"

Nikageukia kigoda chetu: miguu ilikuwa imesimama wima.

"Basi huyu ni mwalimu mwenzangu," akasema.

Tukachukua umbo, tukaacha plastiki. Tulitumia mbao nyembamba za paini, nyepesi kubeba, miguu mitatu iliyotanuka, isiyoyumba kwenye sakafu ya udongo. Cha kwanza nilimpelekea mama. Akaota moto jioni nzima bila kuinuka. Vilivyofuata alivichukua mzee mmoja wa Makambako, muuzaji wa viti vilevile vya plastiki. Akavipanga kando ya vile vya plastiki na kuwaambia wateja, "Vile vya sebuleni, hivi vya jikoni." Muhula ukaisha, mahindi yakatafutiwa stoo nyingine.

Sasa nafundisha mimi katika karakana hiyo. Kiti chekundu kimetundikwa ukutani, mguu umepinda, na kila mwaka wanafunzi huniuliza kwa nini tunatunza kiti kibovu. Huwaambia namshukuru sana aliyekitengeneza, huko ng'ambo aliko, ambaye hakuwahi kuota moto jikoni kwa mama yangu.